Sentensi Aliyoikata Wifi Yangu

Wifi yangu tulimwita Nukta. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, tangu wakiwa wadogo, kwa sababu hakuna mtu aliyeweza kumaliza habari mbele yake bila kusimamishwa. Ukisema ulisubiri saa nzima, atakuuliza ulitazama saa gani. Ukisema watu wote walikuja, atataka kujua nani hakuja. Nilipoolewa nilimkuta hivyo, na kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumsimulia jambo likafika mwisho na umbo nililoanza nalo.

Nalitanguliza hili makusudi. Watu waliomsema baadaye walimsema kana kwamba alikuwa mzembe, mtu wa kulipua kazi. Waongo. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwenye meza yake, na kilichotokea kilitokea nikiwa na mkasi mkononi.

Alikuwa mwalimu wa biolojia kwa miaka kumi na sita. Kisha shule ikauzwa, na aliyeinunua akaona walimu wawili wa sayansi wanatosha. Nukta alikuwa wa tatu. Unga ukamwagika, akaja kwetu na mabegi mawili, moja la nguo, moja la vitabu. Nyumba yetu ni ndogo. Chumba cha mbele ni cha cherehani yangu, kinatazama barabarani. Nyuma yake, baada ya pazia, kilikuwa chumba ambamo mume wangu aliweka mabomba na viungio vyake, maana alikuwa fundi bomba na watu wote walimwita Fundi tu. Pembeni ndicho chumba chetu cha kulala, na ukuta kati yake na chumba cha mabomba ni wa mbao nyembamba, mtu akikohoa huku, kule anaambiwa pole. Fundi akayahamishia mabomba uani, akageuza mlango mbovu kuwa meza, akamwambia mdogo wake, "Haya, ofisi hiyo. Usinipandishie kodi."

Nukta alikuwa amesoma mahali fulani kwamba wapo watu wanaoishi kwa kusahihisha makala za madaktari na wanasayansi kabla hazijachapwa. Wanajitegemea, hawana bosi. Nilimwambia, "Wifi, hata mimi sina bosi, ila wateja wangu wote wanajifanya mabosi." Hakunisikiliza. Alichapisha kadi mia mbili: Mhariri wa Makala za Tiba na Sayansi. Akaandika barua arobaini na tatu kwa vyuo na hospitali. Zikarudi mbili. Moja ilisema hawahitaji, nyingine iliuliza kama anauza wino wa mashine ya kuchapia. Fundi alicheka barua hiyo ya wino hadi akalazimika kukaa chini.

Akajaribu kampuni za nje, zile zinazokupa mtihani kwanza. Alianguka mara tatu. Mara ya tatu walimwandikia sababu: anajua kazi, lakini anamuuliza mwandishi maswali mengi kuliko inavyohitajika, na wateja hawapendi kuchoshwa. Alinisomea maneno hayo akiwa amesimama kwenye pazia. Uso ulikuwa umemsawajika, nami nilimwonea huruma, kwa kuwa walikuwa wamemgusa palepale kwenye jina lake. Kuanzia siku hiyo akabandika karatasi ukutani juu ya laptopu, ameandika kwa herufi kubwa: ULIZA KIDOGO. KATA ZAIDI.

Mteja wa kwanza alipatikana kwa njia ya magoti. Mume wangu alikuwa amepiga magoti chini ya masinki ya watu kwa miaka ishirini na miwili, na magoti yakaanza kudai. Asubuhi alikuwa akiinuka kitandani kwa kushika ukuta. Hospitali kubwa walikuwa wanajaribu dawa mpya ya viungo, wanatafuta watu wa kuimeza na kufuatiliwa. Nukta akamsindikiza kujaza fomu, kwa sababu Fundi na karatasi hawakuwa na uhusiano mzuri. Fomu ilikuwa na kurasa kumi. Nukta alipofika ukurasa wa tano akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, kwa kuwa ukurasa wa pili ulisema kidonge ni mara mbili kwa siku na ule wa tano ulisema mara tatu. Karani akafoka. Daktari mwenyewe akatoka kuuliza kelele za nini, akaichukua fomu, akaisoma amesimama, akacheka.

"Wewe ni nani?" akamuuliza.

"Mwalimu wa biolojia asiye na shule," Nukta akajibu, na kumpa kadi.

Kwa hiyo siku ile ile mume wangu alipata dawa na wifi yangu akapata kazi. Kwenye fomu hiyo namba ya simu ya Fundi iliandikwa na Nukta, kwa mwandiko wake wa ubaoni, tarakimu moja moja, hata mtu aliyesahau miwani nyumbani angeisoma. Namba ya mgonjwa ilikuwa sitini na moja. Alipewa kadi ya manjano yenye namba hiyo, akawa anaitunza kwenye mfuko wa koti.

Dawa ilifanya kazi, huo ndio ukweli. Wiki ya nne Fundi alichuchumaa uani na kuinuka bila kushika kitu, akatuita tuje kutazama, akarudia mara tatu kama mtoto. Kliniki nako Daktari alimfanya mfano. Wageni wakija, Fundi anaitwa, anachuchumaa, anainuka, anapigiwa makofi. Alirudi nyumbani siku hizo ametuna.

Mwezi wa tatu akaanza kujikuna. Kisha chakula kikawa kinamrudi. Kisha nikamwona macho, asubuhi, dirishani, yamekuwa rangi ya kadi yake. Nikamwambia aende kwa Daktari. Akasema atakwenda. Hakwenda. Aliacha vidonge, akaacha na kliniki, akawa anatibiwa zahanati ya hapa karibu, wanamtundikia maji na kumwambia apumzike.

"Magoti yamepona," alikuwa akisema kila akiulizwa. "Sasa ninaumwa mimi."

Nilimuuliza kwa nini hataki kumwambia Daktari. Akasema anaona aibu. Mtu amekupigia makofi mbele ya wageni, utarudije kwake kama embe bovu? Na kwa Nukta alikuwa mkali zaidi. "Usinisemee kule," alimwambia. "Nikipata nguvu nitakwenda mwenyewe nimweleze." Nukta, ambaye hajawahi kunyamazia jambo katika maisha yake, safari hiyo akanyamaza. Kaka alikuwa amemwomba, na Daktari ndiye alikuwa mteja wake pekee. Sijui sababu ipi ilikuwa nzito, na sijawahi kumuuliza.

Ndipo makala ikaja, ile kubwa, ya dawa yenyewe.

Nukta alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anaisoma makala yote bila kugusa kitu, mikono ameikalia. Ameikalia kweli, chini ya mapaja, ili isimtangulie. Halafu anarudi mwanzo, anasoma sentensi moja kwa sauti, kwa Kiingereza chao cha kitaalamu, kisha ananieleza mimi kupitia pazia kwa lugha ya nyumbani. "Wewe ndiye mizani yangu," aliniambia. "Kama wewe hukuelewa, basi aliyeandika naye hajui anachosema." Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kwa njia hiyo nimejifunza mengi. Najua kundi moja hupewa dawa na jingine hupewa vidonge visivyo na kitu. Najua jedwali lisipojumlishika kuna mtu anaficha jambo au amechoka.

Jarida la kuichapa lilitaka maneno elfu tatu, si zaidi. Nukta alikata siku nne. Kila akipunguza ananitajia hesabu kama mtu anayetangaza mpira. Siku ya nne, saa tano asubuhi, nilikuwa nakata gauni la mteja, akasema zimebaki sentensi mbili tatu tu na atakuwa ameingia ndani ya mstari. Akafika kwenye sehemu ya wagonjwa walioacha.

"Wagonjwa kumi na wanne walipotea katika ufuatiliaji," akanieleza. "Hakuna hata mmoja kati yao aliyepigiwa simu wala kutembelewa nyumbani."

Kutoka chumba cha kulala, nyuma ya ukuta wa mbao, tukasikia sauti ya mume wangu. "Waambieni mimi sijapotea. Nipo hapa, nimelala."

Tulicheka. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, tulicheka wote watatu, na yeye ndiye aliyecheka zaidi, mpaka kikohozi kikamkaba na mimi nikaenda kumpa maji. Niliporudi Nukta alikuwa bado anaitazama sentensi ile.

"Hiyo ya simu," nikamwambia, nikichukua mkasi wangu, "si uitoe tu? Umeshasema wamepotea. Aliyepotea si ndiye hajapatikana?"

"Ningemuuliza Daktari kwanza."

"Haya, uliza. Si umebandika karatasi hapo ukutani?"

Nilikuwa namtania. Akainua macho akaitazama karatasi yake, ULIZA KIDOGO. KATA ZAIDI, akabonyeza kitufe. Sentensi ikaondoka. Nikamsikia akivuta pumzi ya kushukuru, na mimi nikaendelea na gauni langu.

Makala ikakubaliwa upesi, hata Daktari alishangaa. Wapitiaji wa jarida, wale wanaoipima makala kabla haijachapwa, hawakuuliza kitu kikubwa. Mwishoni, kwenye shukrani, aliandikwa Nukta, jina lake kamili, kwa kazi ya uhariri. Fundi alitaka kuliona. Nukta akauchapisha ukurasa huo peke yake, mume wangu akaushika kwa ile mikono yake ya manjano, akausoma polepole. "Nukta wetu," akasema, "kwenye kitabu cha madaktari." Akaomba ubandikwe pale anapouona akiwa amelala. Nikaubandika.

Alikufa siku ya kumi na mbili baada ya hapo, tarehe nne mwezi wa sita, asubuhi, katika hospitali ndogo tuliyomkimbizia tumbo lilipomjaa. Daktari wa pale, kijana, aliniuliza alikuwa anameza nini. Nikamtajia. Aliandika tu. Kwenye cheti kuna maneno matatu: ini kushindwa kufanya kazi. Hayo ni maneno manne, Nukta alinisahihisha nilipomsomea. Tulikuwa tumesimama kwenye korido na maiti ya kaka yake ilikuwa bado ya moto. Nilitaka kumzaba kofi. Kisha nikaona mdomo wake unavyotetemeka nikajua hakuwa na jambo jingine la kushika.

Msiba ukaisha, watu wakaenda kwao. Jina lililokuwa kwenye shukrani likaanza kuleta kazi. Madaktari watatu walimtafuta Nukta ndani ya mwezi mmoja. Siku moja bahasha ya jarida lenyewe ikaletwa, limechapwa vizuri, karatasi za kung'aa. Nilikuwa nimelipanga koti la marehemu nilitoe, na kadi ya manjano ilikuwa mkononi mwangu. Nikapita kwenye pazia.

"Ndugu yako yuko wapi humu?" nikamuuliza.

Nukta akafungua jarida kwenye jedwali. Kidole chake kikashuka kwenye mistari, kikasimama. "Hapa."

"Hapo pameandikwaje?"

"Waliopotea, kumi na wanne."

"Waliokufa wako wapi?"

Kidole kikapanda mstari mmoja. "Hapa."

"Wangapi?"

"Hakuna."

Sikupiga kelele. Watu wanaonijua watakataa, lakini sikupiga kelele. Nilimwambia, "Mtoe humo. Nilimwosha kwa mikono yangu. Alikuwa ndani ya nyumba amelala, namba yake umeandika wewe, wao wanasema amepotea. Mtoe." Halafu kumbukumbu ikanijia ya mkasi na gauni na kile kicheko, nikaona naye imemjia. Tulitazamana. Nikarudi kwenye cherehani nikashona mshono ule ule mara mbili.

Kesho yake tukaenda kwa Daktari. Ofisi yake ilikuwa na feni isiyozunguka na mafaili hadi dirishani. Nukta alinisihi nifunge mdomo, nikaahidi.

"Daktari," akasema, "mgonjwa namba sitini na moja hakupotea. Ni kaka yangu. Amekufa kwa ini."

Daktari akavua miwani. "Yule wa kuchuchumaa? Poleni sana. Sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza," nikasema mimi. Ahadi ilidumu hadi hapo.

Nilitegemea atapandisha sauti. Hakupandisha. "Una haki, mama. Tulikuwa na karani mmoja, na simu ya ofisi ilikuwa imekatwa. Ndiyo maana niliandika wazi." Akageuza kompyuta yake ituelekee. Palikuwa na ile sentensi, imepigwa mstari mwekundu katikati, na pembeni jina la Nukta, tarehe, saa tano na dakika kumi asubuhi. "Wapitiaji wangeisoma hii wangenirudishia makala. Wangesema nenda kwanza kawatafute watu hao. Nilikuwa nimejiandaa. Ikarudi kutoka kwako, Mwalimu, haimo."

"Na wewe hukuona kwamba haimo?" Nukta akauliza.

"Niliona." Akavaa tena miwani. "Nilidhani unajua jarida linavyotaka. Na nilifurahi kidogo, sitakudanganya."

Ningependa kumchukia mtu huyo kwa moyo mmoja, na siku nyingine naweza. Lakini alikuwa ameandika ukweli na sisi ndio tuliomfutia.

Nukta akasema jarida lazima liandikiwe, kuna watu wanameza vidonge hivyo sasa hivi. Daktari akasema marehemu alijiondoa mwenyewe, hivyo kwa kanuni za utafiti hawezi kumsogeza mstari kwa mdomo tu wa ndugu. Kinachoweza kurudishwa ni sentensi. "Lakini watauliza nani aliitoa," akasema.

"Nitasema ni mimi."

"Mwalimu, ukisema hivyo hakuna atakayekupa hata barua ya likizo uisahihishe. Kafikiri kwanza."

Alifikiri siku tisa. Sikumsaidia. Nilikuwa na hasira naye, tuliongea habari za chumvi na maji tu, na nilikuwa na hasira kwa sababu kumlaumu yeye kulinipa nafuu. Kazi za madaktari wale watatu zilikuwa juu ya meza yake. Alizifanya zote ndani ya siku hizo, na nilipochungulia niliona pembeni mwa kurasa amejaza maswali toka juu hadi chini. Karatasi ya ukutani alikuwa ameibandua. Gundi imebaki mpaka leo, alama nne.

Siku ya tisa, baada ya chai ya asubuhi, nikamsikia anasoma kwa sauti. Kisha akanieleza kupitia pazia, kama zamani. Ilikuwa barua kwa jarida. Ilisema kwamba yeye, mhariri, aliondoa sentensi iliyohusu wagonjwa kumi na wanne bila kumuuliza mwandishi, ili kutimiza idadi ya maneno. Kwamba mmoja wa kumi na wanne alikuwa katika chumba cha pili siku hiyo, hai, na sasa amekufa. Kwamba sentensi irudishwe.

"Umeelewa?" akauliza.

"Nimeelewa. Mbona mimi simo?"

"Wewe ulikuwa unashona."

"Mimi ndiye niliyesema uitoe. Nilikutania hadi ukaitoa."

"Wifi," akasema, "kitufe kilikuwa chini ya kidole cha nani?"

Nikalia. Nililia kwa aibu kuliko nilivyolia msibani. Nilikuwa nimemwachia mzigo wote siku tisa nikimtazama anavyouinua, na sasa alikuwa ameukubali mzima mzima, hata kile kipande changu. Nukta alikuja akakaa kwenye kigoda cha wateja, hakunigusa, hajui kugusa watu, akasubiri niishe. Kisha akaenda akaituma.

Yaliyofuata yalikuwa kama Daktari alivyosema. Wa kwanza kati ya wale watatu aliandika kwamba amepata mtu mwingine. Wa pili hakujibu tena. Wa tatu alikuja mwenyewe, mtu mwenye adabu, akachukua makala yake mkononi akasema, "Unaelewa, Mwalimu." Akaelewa. Kadi zilizobaki zilikuwa mia moja na kitu. Siku hizi naandika vipimo vya wateja nyuma yake na kuzibana kwenye nguo kwa pini, kifua, kiuno, urefu, na upande wa pili Mhariri wa Makala za Tiba na Sayansi.

Marekebisho yalitoka baada ya miezi mitano. Yalikuwa kisanduku kidogo chini ya ukurasa, Nukta akanieleza yote kwa pumzi moja. Yalisema sentensi ifuatayo iliondolewa kimakosa na sasa inarudishwa, na sentensi yenyewe ikafuata, neno kwa neno. Na kwamba jina la mhariri limeondolewa kwenye shukrani. Jedwali likabaki lilivyokuwa. Waliopotea kumi na wanne, waliokufa hakuna.

"Kwa hiyo bado yumo," nikasema.

"Bado yumo."

Nikaubandua ukutani ule ukurasa wa shukrani, maana sasa hata wenyewe ulikuwa uongo, nikauweka pamoja na kadi ya manjano. Laptopu ikafungwa. Nukta akaanza kunisaidia vifungo na pindo. Anashona vizuri mno, na taratibu mno, na wateja wananiuliza kwa nini dada yule anawauliza maswali mengi juu ya kifungo kimoja.

Simu ya mume wangu sikuizima. Iko kwenye droo ya nyuzi, naichaji kila Jumapili, kwa sababu hadi leo kuna watu mabomba yao yanavuja wanampigia. Nawaambia. Wengine hunyamaza, wengine hulia, mmoja aliniuliza kama ninamjua fundi mwingine.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, ikalia. Nikaipokea nikijua ni bomba.

"Halo, naongea na mwenye simu?" Sauti ya msichana, ya ofisini. "Napiga kutoka kliniki ya viungo. Namtafuta mgonjwa namba sitini na moja. Jarida limetutaka tuwapigie wale wote ambao hatukuwapata."

Nukta alikuwa mbele yangu na sindano. Nikaweka sauti ya nje, nikailaza simu mezani katikati yetu.

"Ni mume wangu," nikasema. "Amekufa."

Karatasi zikageuzwa. "Pole sana, mama. Ni lini?"

Nikamtajia tarehe. Akauliza ugonjwa, nikasema ini. Akauliza kama kuna cheti, nikasema kipo.

"Naandika," akasema.

Nukta akainama kuelekea simu, sindano bado mkononi. "Muulize ameandikaje."

"Wifi yangu anauliza umeandikaje."

"Nimeandika hivi: Amefariki, tarehe nne mwezi wa sita, ini, cheti kipo."

Nukta akafumba macho. Midomo ikamcheza, anayarudia maneno yale moja moja, kisha akaitikia kwa kichwa kwamba yako sawa. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye shati la mteja na hakuyafuta.

"Samahani, mama," msichana akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua uofisi. "Fomu inanilazimisha niulize maswali yote. Linalofuata ni la maumivu ya magoti. Nafikiri niliruke tu."

Nikamtazama Nukta. Akasema hapana kwa kichwa.

"Usiliruke," nikamwambia. "Magoti yalipona. Andika yalipona."

Akaandika. Kisha akasema inabidi akate simu, bado ana watu kumi na watatu wa kuwapigia.